Kula kwenye bistro ya mtaani kando ya bustani ya Buttes-Chaumont, Paris: maswali ninayoulizwa na kila mgeni

Nakaa wilaya ya 19, kaskazini mashariki mwa Paris, dakika chache kwa miguu kutoka bustani ya Buttes-Chaumont. Kila mwaka wageni hawakosi: binamu kutoka Dar, rafiki wa Mombasa anayepitia akielekea Uingereza, shangazi kutoka Tanga. Wakishaupiga picha mnara wa Eiffel, wote wanataka jambo moja: kula chakula cha Kifaransa mahali wanapokula Wafaransa wenyewe, si kule penye picha za vyakula mlangoni na kijana wa kukuvuta mkono uingie. Basi nawaleta huku kwetu. Maswali yao ni yale yale, nami nimechoka kuyajibu kwa ujumbe wa sauti usiku wa manane. Haya hapa.

Kwa nini Buttes-Chaumont na si katikati ya mji?

Kwa sababu huku watu wanaishi. Mwenye mgahawa anayetegemea majirani hawezi kukupikia ovyo, maana kesho atakutana nawe duka la mikate. Kule kwenye watalii, leo wewe, kesho mwingine.

Na bustani yenyewe ina kisa. Pale palikuwa machimbo ya jasi, plasta ya majumba ya Paris ikitoka humo ardhini, na mashimo yalipoachwa pakabaki mahali pa kutupia uchafu. Napoleon III akaamuru pageuzwe bustani, mhandisi Adolphe Alphand akasimamia kazi, ikafunguliwa 1867. Ni hekta 25 hivi: ziwa la kuchimbwa, kisiwa chenye mwamba mrefu katikati, na juu ya mwamba kihekalu cha nguzo za mviringo. Hakuna pahala tambarare. Utapanda, utashuka, utapanda tena, na ukitoka getini utakuwa na njaa ya kweli. Ndiyo maana nasema tembea kwanza, kula baadaye.

Kufika ni rahisi: metro namba 5 kituo cha Laumière, upande barabara yenye miti hadi kwenye jengo la manispaa na lango liko mbele yako. Au 7bis, vituo vya Buttes Chaumont na Botzaris, vilivyo upande wa juu. Hapo unaanza kwa kuteremka. Wazee nawashusha Botzaris.

Bistro ni kitu gani hasa? Ni hoteli kubwa?

Hata. Kwa lugha ya pwani ningesema ni hoteli, ile ya kula si ya kulala: meza kumi na tano zilizobanana, kiwiko chako na cha jirani vinasalimiana, ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki, kaunta ambayo zamani ilivikwa zinki. Jikoni wapishi wawili, pengine watatu. Bistro nyingi za Paris zilianzishwa na watu waliohamia kutoka Auvergne, mkoa wa milima katikati mwa Ufaransa, karne ya 19, ambao walikuwa wakiuza makaa na divai chini ya paa moja. Kwa hiyo asili yake ni duka la mtaa; usiingie ukiwa umetishika.

Alama moja ya kutafuta kwenye menyu ni kijipicha cha sufuria yenye paa la nyumba badala ya mfuniko. Maana yake chakula hicho kimepikwa hapo hapo kutokana na vitu vibichi. Ubao mfupi nao ni dalili njema. Pakiwa na vyakula arobaini na jiko ni la watu wawili, jua friza inafanya kazi kubwa.

Nikifika mlangoni naanzaje?

Unapiga hodi. Sitanii. Hodi yao ni "Bonjour", na ikishaingia jioni ni "Bonsoir", uiseme kabla ya neno lingine lolote, umtazame mtu usoni, kisha usubiri ukaribishwe. Usiende kukaa kwenye meza unayoipenda. Usianze na "meza ya watu wawili". Nimesikia watu wengi wakilalamika kwamba wahudumu wa Paris wana kiburi, nami nikiuliza "Ulimsalimia?" naambiwa "Nilimwambia nataka kula." Sasa fikiria mtu aingie kwenu Tanga bila hodi wala shikamoo, aseme anataka wali. Utampa, lakini utampa vipi?

Mhudumu anaitwa "monsieur" au "madame". Usipige vidole, usipige mluzi, na lile neno "garçon" la kwenye sinema liache huko huko kwenye sinema. Ndugu zetu wa Bukavu, Goma na Bujumbura waliosoma kwa Kifaransa wanaweza kuiruka sehemu hii. Wao huwa wanatucheka sisi.

Wanafungua saa ngapi?

Hapa ndipo wengi hulala na njaa. Jiko la mchana hufunguliwa saa sita, na kwenye saa nane au nane na nusu linafungwa. Halafu kimya. Jioni linaanza saa moja na nusu, na oda za mwisho huwa karibu saa nne. Ukijitokeza saa kumi jioni umechoka na matembezi, utauziwa kahawa au bia, chakula hupati. Wengi hufunga Jumapili jioni na Jumatatu, na Agosti wengine hufunga wiki mbili au tatu nzima wakaenda zao likizo. Piga simu kabla.

Na ukipiga simu, kumbuka saa zao si saa zetu. Mdogo wangu alijitolea kutuwekea nafasi kwa Kifaransa chake cha shule. Sisi tulikuwa tunataka saa mbili usiku. Yeye akasema "deux heures", saa mbili kweli, ila kwao hiyo ni saa nane mchana. Tulipofika usiku na manukato yetu, tukaoneshwa daftari: jina letu lipo, limepigwa mstari, "hawakuja". Tulikula sambusa za kituruki tumesimama. Sema "vingt heures".

Ni lazima kuweka nafasi?

Mchana siku za kazi, kwa watu wawili, si lazima. Ijumaa na Jumamosi usiku, ndiyo. Toa idadi ya kweli. Sisi tuna tabia ya kusema sita tukaja tisa kwa kuwa mjomba ameleta rafiki zake. Kwenye chumba cha meza kumi na tano hao watatu hawana pa kukaa, na hakuna wa kubebeshwa lawama isipokuwa mjomba. Mkichelewa zaidi ya robo saa, pigeni simu.

Ubao umeandikwa entrée, plat, dessert. Nichague nini?

"Entrée" ni kitu cha kufungulia, sahani ndogo. Waliozoea menyu za Marekani huchanganyikiwa, kwani kule neno hilo hilo ni chakula chenyewe. Chakula chenyewe hapa ni "plat". "Dessert" ni kitamutamu cha mwisho. "Formule" ni mkataba: kifunguzi na chakula, au chakula na kitamutamu, kwa bei moja iliyopunguzwa, mara nyingi mchana tu. "Plat du jour" ni alichopika mpishi leo, na ndicho ninachokula mimi, maana alikwenda sokoni asubuhi akiwaza hicho.

Unaruhusiwa kula plat peke yake. Ila kugawana sahani moja watu watatu, hilo utatazamwa.

Mara ya kwanza niagize nini?

Anza na "œuf mayonnaise", yai la kuchemsha chini ya mayonezi iliyopigwa kwa mkono. Ni kitu cha kimaskini, na ndicho kinachokuonesha jiko: kama mayonezi ni ya chupa, usitegemee makubwa. Au "poireaux vinaigrette", liki (mboga ya jamii ya vitunguu) zilizochemshwa zikalainika, zikamwagiwa siki, mafuta na haradali.

Chakula chenyewe, kwa mtu wa kwetu, napendekeza "confit de canard". Ni paja la bata lililolazwa na chumvi, likapikwa taratibu ndani ya mafuta yake mwenyewe, kisha ngozi ikakaushwa hadi inalia ukiikata. Nyama inaachana na mfupa kwa uma tu. Huja na viazi vilivyokaangwa kwa mafuta hayo hayo ya bata pamoja na kitunguu saumu. Shangazi yangu, ambaye chakula chochote kisicho na nazi hukiita cha wagonjwa, alinyamaza kimya kwa dakika kumi. Kisha akaomba pilipili, hawakuwa nayo, akaendelea.

Aliyekulia papa mkavu ataielewa "brandade": samaki wa chumvi aliyelowekwa, akapondwa na mafuta ya zeituni, mara nyingi na viazi, akaokwa. Na mpenda supu ya makongoro asiogope upande wa ubao unaowakimbiza Wamarekani. Ulimi, figo, matumbo, uboho wa mfupa uliookwa na chumvi ya mawe, yote hayo ni nyumbani kabisa. Hata neno "restaurant" lenyewe awali lilikuwa jina la mchuzi wa nyama wa kumrudishia mtu nguvu. Supu, kwa ufupi.

Kome wakiwepo, "moules", huja sufuria nzima na chipsi. Hapo uma hauhitajiki. Kula wa kwanza, kisha shika kombe lake tupu kwa vidole viwili, ndilo litakalokuwa koleo lako la kuwachomolea wengine.

Cha mwisho: "crème caramel" ni ndugu wa ile pudini ya karameli ya kwenye shughuli zetu, "tarte tatin" ni matofaa yaliyokaangwa kwa sukari na siagi, pai ikageuzwa kichwa chini. Wenye tumbo kubwa hutanguliza jibini kabla ya hapo.

Wananiuliza nyama iive vipi. Nijibu nini?

Kuna ngazi nne. "Bleu" imeoneshwa moto tu. "Saignant" ina damu. "À point" Wafaransa huiita ya wastani, lakini kwa macho yetu bado ni mbichi, waridi katikati. "Bien cuit" ni iliyoiva. Ukitaka iliyoiva kwa maana ya Kiswahili, sema "très bien cuit" na uvumilie jicho la mpishi.

Kuna neno moja la hatari: "tartare". Hiyo ni nyama ya ng'ombe mbichi, imekatwakatwa, na kiini cha yai mara nyingi juu yake. Binamu yangu aliiagiza kwa kuwa jina lilimpendeza, akaongeza kwa kujiamini, "bien cuit". Mhudumu hakucheka. Aligeuka akanitazama mimi, kama daktari anavyomtazama aliyemleta mgonjwa.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Nikueleze bila kuficha: bistro ya kawaida si ya halali. Nyama yake haikuchinjwa kwa sharti letu, na hilo halitatuliwi kwa kuuliza swali. Wanaolishika jambo hilo hula samaki, mayai na mboga, na sehemu nyingi hayo yanatosha kabisa.

Tatizo ni vitu vilivyojificha. Nguruwe hajitangazi. Amo kwenye saladi kwa jina la "lardons", vipande vidogo vya kukaanga. Amo kwenye dengu, kwenye kichi (pai ya mayai), kwenye "terrine" na "rillettes" (nyama zilizosagwa za kulia mkate), kwenye maharage ya "cassoulet". "Andouillette" inaonekana soseji ya kawaida, lakini ni utumbo wake, na harufu itakujulisha mapema. Pombe nayo iko mchuzini: "bourguignon" na "coq au vin" ni divai nyekundu tupu, kome hupikwa kwa divai nyeupe, mchuzi wa samaki mara nyingi vile vile, na supu ya vitunguu si ajabu kuikuta nayo. Kwenye vitamutamu jihadhari na chochote chenye "rhum".

Sentensi ya kubeba mfukoni ni hii: "Sans porc et sans alcool, même dans la sauce, s'il vous plaît." Yaani bila nguruwe na bila pombe, hata kwenye mchuzi, tafadhali. Hayo maneno ya katikati, hata kwenye mchuzi, ndiyo yenye kazi, bila hayo watadhani hutaki divai ya kunywa. Katika mtaa wetu wanaokaa Waislamu na Wayahudi wengi, mhudumu ameshaulizwa hivyo mara elfu, hatashangaa.

Anayetaka nyama halali, Paris siku hizi ina migahawa inayopika vyakula hivi hivi vya Kifaransa kwa nyama ya halali, ila huenda si ya mtaani kwangu. Na ukishuka kilima kidogo upande wa Belleville kuna kuskusi ya Watunisia. Si Kifaransa, lakini hakuna aliyewahi kunilaumu kwa kumpeleka.

Maji wanauza?

Wakikuuliza maji gani, watakuletea chupa na utailipia. Sema "une carafe d'eau": jagi la maji ya bomba, safi na ya bure. Tangu 2022 sheria inawataka waandike wazi kwamba maji hayo ni haki yako. Mkate nao ni bure, ukiisha unaomba mwingine. Hauwekwi juu ya sahani, unalala mezani pembeni, na kuufutia mchuzi uliobaki hakuna atakayekukataza kwenye bistro. Hilo wageni wetu hulipokea kwa furaha.

Tumemaliza zamani, mbona bili haiji?

Haitakuja. Si uvivu. Kukuletea bili hujaiomba ni kama kukufukuza, na meza ni yako mpaka utakapoamua. Rafiki wa Nairobi alikaa karibu saa nzima akivimba, na mhudumu naye kule kaunta akijua anafanya adabu. Mtazame, sema "L'addition, s'il vous plaît". Ataleta bili, kisha mashine ya kadi mezani.

Bakshishi je?

Si lazima. Tangu 1987 bei iliyoandikwa inatakiwa iwe imeshajumuisha huduma; ndiyo maana ya "service compris". Ukipenda acha sarafu ya yuro moja au mbili. Siku hizi baadhi ya mashine zinakupendekezea asilimia kabla hujaweka namba ya siri. Bonyeza ya kukataa bila aibu. Wenyeji wanabonyeza hiyo hiyo.

Nitumie kiasi gani?

Kwa bei ninazoziona huku, formule ya mchana ya vitu viwili ni kati ya yuro 16 na 22. Usiku sahani kuu peke yake ni 18 hadi 26, na mtu akila vitu vitatu akanywa maji ya jagi, hutoka na 35 hadi 45. Ukiongeza divai unajua mwenyewe. Nikiwa na wageni wengi nawapeleka mchana: jiko ni lile lile, mpishi ni yule yule.

Watoto wanaruhusiwa?

Wanaruhusiwa, mchana zaidi kuliko usiku. Wengi wana sahani ya watoto, hata isipoandikwa. Lakini mtoto hapa hukaa kwenye kiti mpaka mwisho. Kukimbizana kati ya meza hakuvumiliwi. Wachosheni bustanini kwanza. Kuna viwanja vya michezo, na kuna vikaragosi vya Guignol ambavyo mtoto hahitaji Kifaransa kuvielewa, kwani mtu anapigwa rungu na wote wanajua kwa nini.

Nivae nini, nikae ndani au nje?

Nguo safi za kutokea zinatosha, tai ya nini. Nje kuna raha ya kutazama wapita njia, na kuna moshi: ndani sigara zimepigwa marufuku tangu 2008, wavutaji wote wamehamia barazani. Tena zile taa za kupasha joto za nje zilikatazwa 2022, kwa hiyo mwezi wa tatu jua linaweza kukudanganya. Khanga haitoshi. Beba sweta.

Nimeshindwa kumaliza. Naweza kufungiwa?

Ndiyo, tangu 2021 wanatakiwa kukupa chombo ukiomba.

Kahawa wanaleta lini?

Baada ya kitamutamu, kamwe si pamoja nacho, labda uombe "café gourmand", ambayo ni kahawa na vitamu vitatu vinne vidogo kando. Ukisema "un café" utaletewa kikombe kidogo, nyeusi, chungu. Mtu wa Mombasa au Unguja hahitaji maelezo. Atauliza tu kashata iko wapi. Ya maziwa baada ya chakula huwa wanaiona kama kinywaji cha asubuhi, lakini wataleta.

Tukitoka kula, bustani bado iko wazi?

Inategemea mwezi. Majira ya joto hufungwa karibu saa nne usiku, baridi mapema zaidi. Saa zimeandikwa langoni. Mwishoni mwa mwezi wa sita jua linazama karibu na saa nne hiyo hiyo, kwa hiyo Magharibi inaingia walinzi wakiwa wanaanza kutoa watu. Kaeni kwenye majani, inaruhusiwa, upande wa mteremko unaotazama ziwa. Sigara msiwashe, tangu 2025 hazitakiwi bustanini. Mkisikia filimbi mbili tatu ndefu kutoka kule chini, ni walinzi wanafunga. Inukeni polepole, kwani lango la juu hufungwa nalo, na kwenda kutokea lile la Laumière ukiwa na paja la bata tumboni si mbali sana, ila shangazi alinidai teksi.